Macho yangu 6/6, mbona baiskeli sikuiona?

Swali nililopokea, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mi ni dereva boda hapa Mtwara mjini, nina miaka 27. Wiki mbili zilizopita nilikua natoka njia ya vumbi naingia lami ya kwenda Naliendele, nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, hamna kitu, nikaingia, nikamgonga mzee na baiskeli yake kabeba gunia la korosho. Alikua anatokea kushoto. Mungu saidia ni michubuko tu na gunia kupasuka. Watu wote pale wanasema mzee alikua wazi kabisa, mchana kweupe. Nikaenda kupima macho nikaambiwa 6/6 yote mawili. Sasa hapo ndo nachanganyikiwa maana shangazi yangu yuko Msanga Mkuu ana mtoto wa jicho, meseji hasomi, lakini bamvua maji yakitoka anaenda mwambani na mchokoo wake anarudi na pweza watatu wanne, mi nikifuatana nae napita juu ya pweza huyohuyo simuoni. Je macho yangu yana shida gani ambayo kipimo hakijaiona?"

Marahaba mdogo wangu. Pole, na pole zaidi kwa mzee, natumaini gunia ulimlipa. Alafu mi sio daktari wa kupasua, mi ni mpimaji macho tu, ila swali lako nimelipenda kuliko maswali yote ya mwaka huu kwasababu umeweka vitu viwili pamoja ambavyo watu huwa hawaviweki pamoja, we mwenye macho mazuri huoni na shangazi mwenye macho mabovu anaona. Jibu la vyote viwili ni moja. Kuangalia ni kazi ya jicho lakini kuamua nini kiangaliwe ni kazi ya ubongo, na ubongo unaliamrisha jicho kutokana na shughuli unayoifanya wakati huo, sio kutokana na vitu vilivyopo mbele yako.

Tuanze na hio 6/6, yaani uoni mzuri wa kawaida kwenye ubao. Ule ubao wa herufi asili yake ni daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, 1862, na kitu unachopima ni kimoja tu, herufi ndogo kiasi gani unaweza kuisoma ukiwa mita 6. Umekaa kwenye kiti, mwanga upo, herufi imetulia haikimbii, na mtu kasimama pembeni na kijiti anakuelekeza soma hii, soma hii. Barabarani nani anakushikia kijiti? Kijiti anacho ubongo wako mwenyewe, na ubao haukipimi hicho.

Fanya hivi. Nyoosha mkono mbele, simamisha dole gumba, angalia ukucha. Sasa ile 6/6 yako unayojivunia inafanya kazi kwenye eneo linalokaribiana na huo ukucha tu, basi. Huko kote kwingine unaona umbo, rangi kiasi, kitu kikitembea unakihisi, lakini ukali hamna. Kama unabisha kazia macho neno moja hapa ulipofika kusoma, alafu bila kuyasogeza jaribu kusoma maneno ya mistari mitatu chini. Umeona eh. Sababu ni kwamba katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna kishimo kidogo kinaitwa fovia, hapo ndo seli za kuona vizuri zimebanana kama abiria wa daladala ya jioni, ukitoka nje ya hapo zinapungua haraka sana. Na sio uzembe wa Muumba, ni suala la nafasi: kila jicho lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100 lakini nyaya zinazotoka kwenda ubongoni ni kama milioni 1 tu, kwaiyo lazima ichaguliwe sehemu ndogo ipewe nyaya nyingi na kwingine kubanwe.

Sasa ukiwa na tochi nyembamba kiasi hicho unafanyaje uone barabara nzima? Unaizungusha. Jicho linaruka, linatua, linaruka, linatua, kama mara tatu kila sekunde, ukipiga hesabu ya saa 16 za kuwa macho inapita laki moja kwa siku, na hujawahi kuhesabu hata moja. Na hapa ndo kuna kitu ambacho kila boda ningetaka akijue. Wakati jicho liko hewani linaruka, ubongo unazima picha, maana ungeona ukungu unakimbia ungepata kizunguzungu. Hebu nenda kwenye saiti mira ya pikipiki yako, jisogeze, angalia jicho lako la kushoto, hamia la kulia, rudi la kushoto. Hutaona macho yako yakisogea hata mara moja. Mwite abiria akuangalie, yeye atayaona yanahama. We kile kipande cha safari umekatiwa, na hujasikia hata kama kimekatwa kwasababu ubongo unaunganisha kabla na baada kana kwamba hamna kilichotokea.

Rudi njia panda. Umeangalia kulia haraka, jicho likatua mahali pamoja au pawili, ukageuza kichwa kushoto, jicho likaruka mruko mkubwa likatua mbali kule lami inapopotelea, maana kule ndo magari hutokea, hapo katikati alipokua mzee na gunia lake ulipapita hewani. Na hukuhisi pengo lolote. Ndo maana unaniambia kwa moyo mweupe "niliangalia kushoto, hamna kitu", na mi nakuamini, hudanganyi, ila uliangalia vituo viwili vitatu ubongo ukakupa ramani ya barabara nzima.

Inawezekana pia jicho lilitua juu ya mzee kabisa na bado hukumuona. Najua hapa watu wananibishia. 1999 kule Harvard, Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris walionesha watu video ya vijana wanapasiana mpira wa kikapu, wengine nguo nyeupe wengine nyeusi, wakawaambia hesabuni pasi za wale wa nyeupe. Katikati ya video mtu kavaa vazi la gorila anaingia, anasimama, anajipiga kifua, anaondoka zake. Karibia nusu ya watazamaji hawakumuona! Baadae mtafiti wa Kijerumani, Daniel Memmert, akarudia na mashine inayofuatilia macho, akakuta wale wasiomuona macho yao yalitua juu ya gorila karibia muda uleule na ya wale waliomuona, kama sekunde nzima. Na kama unadhani ni watazamaji wa kawaida ndo walikua wamezubaa, 2013 wakachukuliwa madaktari bingwa wa kusoma picha za mapafu, 24, wakapewa picha za CT watafute vinundu vya saratani, na ndani yake ikapachikwa picha ya gorila kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. 20 kati ya 24 hawakuiona. Hao ndo wanaolipwa kwa kuangalia.

Kwanini? Kwasababu hawakua wanatafuta gorila. Ubongo ukipewa swali moja unafunga mlango kwa majibu ya maswali mengine, na we pale njia panda swali lako lilikua "kuna gari?" Jibu likaja hamna gari, ambalo ni kweli kabisa, hapakua na gari, palikua na mzee.

Alafu kuna suala la mazoea. 2005 Jeremy Wolfe na wenzake walitengeneza kazi kama ile ya kukagua mizigo uwanja wa ndege, mtu anatafuta kifaa fulani kwenye picha ya begi. Kifaa kikiwepo kwenye nusu ya mabegi watu walikikosa asilimia 7 hivi. Kikiwepo kwenye begi 1 kati ya 100, walikikosa asilimia 30. Macho yaleyale, kifaa kilekile! Kitu kikiwa adimu ubongo unaacha kukitafuta mapema. Na we umepita hio njia mara ngapi kwa siku, mara ishirini? Na mara ngapi kulikua na baiskeli inakuja kutoka upande huo kwa wakati huohuo? Kwaiyo ubongo wako ulishapiga mahesabu yake kimyakimya.

Sababu ya mwisho upande wa ajali, hii waulize manahodha wa Mikindani wanaijua kuliko mi. Chombo kinachokuja kukugonga hakisogei machoni. Kikisogea kushoto au kulia kwenye upeo wako mtapishana, kikibaki palepale kinakua tu basi mnakutana. Na mzee hivohivo, we unasogea, yeye anasogea, mnaelekea nukta moja, kwaiyo machoni mwako alikua doa lisilotembea, na pembeni ya jicho ni pazuri kwa vitu vinavyotembea tu. Sekunde za mwisho ndo doa linavimba ghafla, na hapo ukiwa spidi 50 unakula karibia mita 14 kila sekunde, breki haikusaidii.

Sasa njoo kwa shangazi.

Kuna mtafiti wa zamani Mrusi, Alfred Yarbus, alikua anamuonesha mtu mchoro mmoja, jamaa anaingia nyumbani kwao familia imeshtuka, alafu anafuatilia macho yanatembeaje. Akiulizwa familia hii ina uwezo gani, macho yanaenda kwenye fanicha na nguo. Akiulizwa wana umri gani, yanaenda kwenye sura. Mchoro uleule, mtu yuleyule, njia za macho tofauti kabisa. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza 1967. Alafu 1999 Michael Land na wenzake kule Uingereza wakamvalisha mtu kamera ya macho wakamwambia apike chai. Wakakuta macho hayazurulizuruli, karibia kila yanapotua ni kitu cha chai, birika, kikombe, kijiko, na yanafika pale kama nusu sekunde kabla ya mkono, alafu yanaondoka kabla mkono haujamaliza kwenda kwenye kitu kinachofuata. Jicho linaenda kumtafutia mkono kazi.

Mi niliposoma hio nikacheka kwasababu nimelelewa na akina mama wanaobangua korosho kwa mkono na nilikua naliona hilo kila siku bila kujua ni sayansi. Mwangalie mama mzoefu, kigongo kinashuka kwenye korosho hii lakini macho yake yameshaondoka yako kwenye lundo yanachagua inayofuata. Mgeni yeye anaangalia vidole vyake mpaka mwisho, na ndo anajigonga, na korosho zinavunjikavunjika.

Shangazi ni huyohuyo mama wa korosho ila yuko baharini. Pweza anabadili rangi, anabadili hata ngozi iwe na vinundu kama jiwe, hata ukipewa macho ya tai humuoni ukimtafuta yeye mwenyewe. Shangazi hamtafuti pweza. Anatafuta mlango wa nyumba. Pweza akila kaa na chaza anatupa maganda nje ya tundu lake, na mara nyingi anavuta vijiwe kuziba mlango, kwaiyo mwambani pale shangazi anaona maganda yamelundikana mahali pasipo kawaida, jiwe limekaa vibaya, basi mchokoo unaingia. Lundo la maganda ni kubwa, halihitaji 6/6, hata kwa ukungu wa mtoto wa jicho linaonekana. Miaka yote hio ubongo wake umejifunza jicho litue wapi, na we unalizungusha jicho zuri juu ya mwamba mzima ukitafuta umbo la pweza wa kwenye bakuli la supu.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo maana kuna jambo tamu. Utaniambia, sasa kama jicho langu linakosa vitu hivo, mbona naendesha toka stendi mpaka Shangani nakwepa mashimo yote na hata sikumbuki nimepitaje? Ni kwasababu kuona kuna barabara mbili kichwani. Picha ikifika kisogoni inagawanyika, njia moja inashuka chini pembeni kukuambia hiki ni nini, nyingine inapanda juu kuuambia mkono na mguu ufanye nini. Tulilijua vizuri kutokana na mama mmoja Mskoti, kwenye vitabu anaitwa DF, 1988 alivuta hewa ya kaboni monoksaidi bafuni kwasababu ya hita mbovu (hewa hiyohiyo ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, tafadhali sana), akapona lakini njia ya chini ikafa. Melvyn Goodale na David Milner walimuonesha tundu kama la sanduku la barua, wakamuuliza limelala au limesimama, akawa anabahatisha. Wakampa kadi wakamwambia itumbukize, mkono ukageuka wenyewe ukaingiza sawasawa. Mkono unajua, yeye hajui. Kwaiyo we unavokwepa mashimo bila kuwaza unatumia hio njia ya juu, ni nzuri, ni ya haraka, ila haijui mzee ni nani, na haikuchagulii cha kukwepa. Ule uchaguzi unatoka kwenye umakini, na umakini ukiwa umeenda kwenye magari, mkono unabaki hodari wa kukwepa vitu ambavyo hujaambiwa vipo.

Watu wataniuliza na simu. Simu ukiweka sikioni kwa mkono au ukaibana ndani ya helmeti, tatizo lilelile. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah alionesha kwamba wanaoongea na simu wakiendesha, hata bila kuishika, wanasahau vitu ambavyo macho yao yalitua juu yake kabisa barabarani. Abiria anayekusimulia habari za mirathi nae sio salama sana, ila huyo angalau akiona lori ananyamaza.

Sasa ufanyeje. Usinunue miwani, atakayekuuzia anakuibia. Njia panda simamisha pikipiki kabisa, mguu chini, alafu usifagie kwa macho kama feni, tua. Karibu, katikati, mbali, kila kituo mpe jicho muda kidogo litulie, upande huu na upande ule, alafu rudia upande wa kwanza. Marubani wanafundishwa hivohivo kukagua anga kwa vipande. Na sogeza kichwa mbele nyuma kidogo wakati unaangalia, yule wa palepale asiyetembea machoni hapo atasogea, na anaweza kua alijificha nyuma ya nguzo au nyuma ya kioo chako. Muhimu kuliko vyote badilisha swali. Usiulize kuna gari, uliza kwa mdomo kabisa, "baiskeli? mtoto? mbuzi?" Vijana nikiwaambia hivo wananicheka, poa tu, lakini ubongo ukitajiwa kitu unakitafuta, na hio ndo siri yote ya shangazi.

Na kwenye kona, zile za Mikindani unapozunguka ghuba, jicho lipeleke kule ndani kona inapojikunjia. Land huyohuyo na David Lee waliwapima madereva 1994 wakakuta macho yanaenda upande wa ndani wa kona sekunde moja mbili kabla ya usukani. Ukikazia macho shimo, pikipiki itaenda kwenye shimo, hilo hata hukuhitaji mtaalamu.

Kitu kimoja nimekiacha makusudi mpaka hapa. Umesema mzee alitokea kushoto, na 6/6 inapima katikati tu, haipimi upana. Kuna ugonjwa watu wanauita presha ya macho, unakula upande wa pembeni polepole bila maumivu, na mtu anaendelea kusoma ubao mpaka mstari wa chini kabisa. Kwa miaka 27 sio kawaida lakini sio haramu, hasa kama kwenu kuna mtu alipofuka ukubwani. Na kuna kiharusi kinachopiga ubongo upande wa kulia, niliwahi kuletewa mzee familia wanasema jicho la kushoto limekufa, macho yote yalikua mazima ila anakula ugali wa upande wa kulia wa sahani tu, ukizungusha sahani anashangaa chakula kimetoka wapi. Yako sio hio, ungekua umeshajigonga kwenye mlango wa nyumbani kwenu mara kumi. Lakini kipimo cha upana wa uoni ufanyiwe, na presha ya jicho ipimwe, nusu saa imeisha.

Ukija mlete na shangazi. Mtoto wa jicho unatolewa, anawekewa lenzi, na hakuna sababu mtu mwenye ubongo kama ule aendelee kuona kwa ukungu. Mwambie haitampotezea pweza wake. Na siku mkija, kama bamvua limetoka vizuri, mmoja mdogo mi sikatai.